Mistari miwili ya plaiwudi: Japani, Korea Kusini na magogo yasiyoonekana kwenye grafu

Muhula wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilipewa kazi iliyoonekana nyepesi: chagua nchi mbili jirani, chora uagizaji wao wa paneli za mbao kuanzia mwaka 1961, kisha eleza tofauti. Nikachagua Japani na Korea Kusini kwa sababu takwimu zao ni ndefu na hazina matobo mengi. Nikashusha data za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, nikachora mistari miwili, na ndani ya saa moja nilikuwa na hitimisho.

Hitimisho lenyewe lilikuwa hivi: katika miaka ya 1970 Korea Kusini haikuwa na mchango wowote wa maana katika ukataji wa misitu ya kitropiki, kwa kuwa mstari wake wa paneli ulikuwa umelala chini kabisa. Japani nayo, nikaandika, ilianza kuwa tatizo katikati ya miaka ya 1980, pale mstari wake uliporuka ghafla.

Msimamizi wangu alisoma ukurasa mmoja, akavua miwani, akauliza swali moja tu: "Na magogo umeyaweka wapi?"

Sikuwa nimeyaweka popote. Kumbe katika miaka hiyohiyo niliyoisafisha kwa kalamu yangu, Korea Kusini ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa plaiwudi duniani, na karibu gogo lote la plaiwudi hiyo lilitoka kwenye misitu ya mvua ya Ufilipino, Indonesia na Borneo ya Malaysia. Nilikuwa nimesoma grafu sahihi na kutoa jibu la uongo. Makala hii inaeleza kosa hilo, kwa sababu ni rahisi mno kulirudia, na wanaolipia si wanafunzi wanaopunguziwa alama. Ni misitu na watu wanaoishi humo.

Kwanza, paneli ni nini?

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi utaziona zimeegemezwa ukutani: plaiwudi, marine bodi yenye uso mweusi unaong'aa, MDF, chipubodi, hadibodi ya dari. Zote zinaitwa paneli za mbao, lakini hazitengenezwi kwa njia moja.

Plaiwudi huanza na gogo zima, tena lililonyooka. Gogo linalainishwa kwa mvuke au maji moto, linafungwa kwenye mashine inayolizungusha, na kisu kirefu kinalimenya mfululizo kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Ganda hilo jembamba ndilo vinia. Tabaka za vinia zinapangwa moja juu ya nyingine, nyuzi za tabaka moja zikikatiza nyuzi za tabaka la pili, zinapakwa gundi, kisha zinabanwa kwa joto. Ndiyo maana plaiwudi haipasuki kirahisi kama ubao wa kawaida.

Chipubodi na MDF hazina haja ya gogo zuri. Chipubodi ni vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa laini na kubanwa. Zote mbili zinaweza kutokana na matawi, miti myembamba, hata mabaki ya kiwanda cha mbao.

Shika tofauti hii kichwani. Nchi inayotaka plaiwudi ya miti ya kitropiki inahitaji miti mikubwa ya msituni. Nchi inayotaka chipubodi inaweza kuipata kwenye mabaki. Ukizijumlisha zote na kuziita "paneli", umechanganya mahitaji mawili tofauti kabisa.

Nchi mbili zilizoanzia mahali pamoja

Baada ya vita zilizopiganwa katikati ya karne iliyopita, Japani na Korea Kusini zote zilikuwa na vilima vilivyokatwa miti kupita kiasi na viwanda vyenye njaa ya malighafi. Zote mbili zikageukia kusini, kwenye mti unaojulikana sokoni kwa jina la lauan. Si mti mmoja, ni kundi la miti mirefu ya familia ya Dipterocarpaceae, yenye shina nene lililonyooka na lisilo na matawi hadi juu sana. Kwa mashine ya kumenya, huo ni mti wa ndoto.

Meli zikawa zinabeba magogo kutoka Ufilipino kwanza, halafu Sabah, Sarawak na Kalimantan. Japani peke yake iliagiza zaidi ya mita za ujazo milioni 20 za magogo ya kitropiki mwaka 1973. Mwaka huohuo ilianza kujenga nyumba takriban milioni 1.9, idadi ambayo haijawahi kuifikia tena. Plaiwudi iliyotoka viwandani mwake iliingia kwenye kuta, sakafu na mbao za kumwagia zege za nyumba hizo.

Korea Kusini ilileta magogo yaleyale, ikayamenya Busan na Incheon, lakini sehemu kubwa ya plaiwudi yake ikapanda meli tena kwenda Marekani. Katika miaka ya 1960 plaiwudi ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizoiletea nchi hiyo fedha za kigeni, bega kwa bega na nguo na nywele za bandia.

Sasa rudi kwenye grafu yangu. Katika kipindi chote hicho uagizaji wa paneli wa nchi zote mbili uko karibu na sifuri. Kwa nini ununue plaiwudi wakati unaitengeneza mwenyewe? Kilichokuwa kinavuka mpaka ni gogo, na gogo lina safu yake nyingine kabisa kwenye takwimu. Mstari uliolala chini haukumaanisha kwamba nchi hizo hazikuhitaji mbao. Ulimaanisha tu kwamba kisu cha kumenya kilikuwa upande wa pili wa mpaka.

Indonesia yafunga lango

Wenye msitu nao hawakuwa wamelala. Ukiuza gogo, wewe unabaki na kisiki. Ajira, faida na ujuzi vinaondoka na meli. Ufilipino ilianza kubana usafirishaji wa magogo katika miaka ya 1970. Indonesia ikaanza kuubana mwaka 1980, na kufikia mwaka 1985 ikapiga marufuku kabisa kuuza magogo nje. Anayetaka mbao za Indonesia azinunue zikiwa tayari plaiwudi.

Viwanda vikaota Kalimantan na Sumatra kama uyoga, na kabla muongo haujaisha Indonesia ilikuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa plaiwudi ya miti migumu duniani. Biashara yenyewe iliendeshwa na umoja wa wenye viwanda uitwao Apkindo chini ya Bob Hasan, mfanyabiashara aliyekuwa karibu sana na Rais Suharto. Umoja huo ulipanga nani auze kiasi gani, na kwa bei ipi.

Hapo ndipo mstari wa Japani uliporuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uagizaji wake wa plaiwudi ulikuwa mdogo sana. Mwisho wa muongo ulikuwa unahesabiwa kwa mamilioni ya mita za ujazo. Mwaka 1996 ulifika takriban milioni 5. Mtu anayetazama grafu tu ataapa kwamba Wajapani walipatwa na uchu wa ghafla wa mbao za kitropiki. Uchu ulikuwepo tangu zamani. Uliondoka tu kwenye safu ya magogo, ukahamia safu ya paneli.

Kwa Korea Kusini pigo lilikuwa zito zaidi, maana yenyewe ilikuwa inaishi kwa kununua gogo na kuuza plaiwudi. Gogo lilipopanda bei na kisha kuadimika, biashara ile haikuwa na mahali pa kusimama. Mwaka 1980 kiwanda kimoja cha Busan kilichowahi kuhesabiwa kati ya vikubwa kabisa duniani kilifungwa. Katika miaka iliyofuata, nchi iliyokuwa inaiuzia Marekani plaiwudi ikawa yenyewe mnunuzi wa plaiwudi ya Indonesia na Malaysia.

Uamuzi uliofanyika Jakarta, basi, ulichora mistari ya Tokyo na Seoul. Jambo hili utaliona mara nyingi ukifanya kazi na takwimu za biashara: sababu ya mstari kupanda mara nyingi haiko kwenye nchi uliyoiandika juu ya mstari.

Mahali zilipoachana

Kama hadithi ingeishia hapo, mistari yote miwili ingepanda na kubaki juu. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 kila mmoja unafuata njia yake.

Ule wa Japani unaanza kushuka. Sababu ya kwanza ni nyumba. Mwaka 1996 zilianza kujengwa zaidi ya milioni 1.6, wengi wakikimbilia kujenga kabla kodi ya matumizi haijapanda kutoka asilimia 3 hadi 5 mwezi Aprili 1997. Mwaka 2009 zilikuwa chini ya laki 8. Idadi ya watu imeanza kupungua, na watu wakipungua, nyumba mpya zinapungua.

Sababu ya pili ni ya kuvutia zaidi. Baada ya vita Japani ilipanda miti kwa wingi mno, hasa sugi, mti wao wa asili wenye mbao nyepesi. Leo mashamba ya miti ni takriban hekta milioni 10, karibu asilimia 40 ya misitu yote ya nchi. Kwa muda mrefu sugi hakutakiwa na viwanda vya plaiwudi: gogo jembamba, mbao laini. Halafu zikaja mashine zinazoweza kumenya gogo dogo hadi karibu na moyo wake. Urusi nayo, ambayo viwanda vya Japani vilikuwa vimeigeukia kwa magogo baada ya lauan kuadimika, ikapandisha ushuru wa kusafirisha magogo hadi asilimia 25 mwaka 2008. Viwanda vikarudi nyumbani. Kufikia mwisho wa miaka ya 2010 zaidi ya asilimia 80 ya magogo yaliyotumika kutengeneza plaiwudi Japani yalitoka Japani kwenyewe. Kiwango cha nchi kujitosheleza kwa mbao, kilichokuwa chini ya asilimia 20 mwaka 2002, kilipita asilimia 40 mwaka 2020.

Korea Kusini nayo ilipanda miti, tena kwa juhudi ambayo bado inafundishwa madarasani. Mpango wa miaka kumi ulioanza mwaka 1973 ulitimiza lengo la hekta milioni moja mwaka 1978, miaka minne kabla ya wakati. Lakini jiulize: miti ile ilipandwa kwa ajili gani? Vilima vilikuwa vipara, udongo unashuka na mvua, watu hawana kuni. Ikachaguliwa miti inayoota haraka kwenye udongo mbovu na kuushika. Kazi hiyo iliifanya vizuri sana. Kulisha mashine za kumenya haikuwa kazi yake. Ndiyo maana nchi ambayo zaidi ya asilimia 60 ya eneo lake ni msitu inajitosheleza kwa sehemu ndogo tu ya mbao inazotumia.

Halafu angalia nyumba zenyewe. Japani zaidi ya nusu ya nyumba mpya ni za mbao, plaiwudi ikiwa sehemu ya ukuta unaozuia nyumba isianguke kwa tetemeko. Korea Kusini watu wengi wanaishi kwenye maghorofa ya zege. Huko plaiwudi hutumika zaidi kumwagia zege, na chipubodi na MDF huenda kwenye kabati na meza. Ghorofa moja la zege halionyeshi ubao wowote kwa nje, lakini limeshakula plaiwudi nyingi kabla rangi haijapakwa.

Mambo manne ya kuangalia kabla hujafungua mdomo

Siku nyingine ukiwekewa mistari miwili ya namna hii, jiulize haya.

*Kipimo ni ujazo au dola?* Mwaka 1998 uagizaji wa mbao wa Korea Kusini uliporomoka kwa sababu ya mgogoro wa fedha wa Asia. Won, iliyokuwa chini ya 1,000 kwa dola moja, ilikaribia 2,000 mwezi Desemba 1997. Lakini bei ya plaiwudi ya Asia nayo ilishuka, kwa hiyo mstari wa dola unaonyesha maporomoko mawili yaliyobebana. Hata ujazo una mtego wake. Bamba la futi 4 kwa 8 lenye unene wa milimita 18 lina mita za ujazo 0.0536, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni mabamba kama 19. Likiwa la milimita 3, mita hiyohiyo inatoa mabamba 112. Nchi inayonunua mabamba membamba ya kupambia itaonekana ndogo kwa ujazo na kubwa kwa fedha.

*Ndani ya kapu kuna nini?* Neno "paneli" limebadilika. MDF ilianza kutengenezwa kibiashara katika miaka ya 1960 huko Marekani, na haikuwa na safu yake kwenye takwimu za dunia hadi miaka ya 1990. Vinia kuna majedwali yanayoihesabu ndani ya jumla na mengine yanayoitoa. Ukiunganisha data za zamani na za sasa bila kusoma maelezo, utaona mruko ambao haukutokea.

*Nchi ina watu wangapi?* Japani ina watu takriban milioni 123, Korea Kusini milioni 52. Mistari ambayo haijagawanywa kwa idadi ya watu inakuambia kitu ambacho ramani ingekuambia: nchi moja ni kubwa kuliko nyingine.

*Kuna mwaka wa ajabu?* Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami viliharibu viwanda vikubwa vya plaiwudi kaskazini-mashariki mwa Japani, vikiwemo vya Ishinomaki. Uagizaji ukapanda mwaka huo. Ukianza kupima mwelekeo wako mwaka 2011 utasema uagizaji wa Japani umeshuka kwa kasi kubwa. Ukianza mwaka 2009, utasema vingine.

Kumtafuta gogo aliyejificha

Dawa ya kosa langu la mwanzo ipo, na ni hesabu ya kuzidisha tu. Wachumi wa misitu hubadilisha kila bidhaa kuwa ujazo wa magogo yaliyotumika kuitengeneza. Shirika la Kimataifa la Mbao za Kitropiki, ITTO, hutumia 2.3 kwa plaiwudi: mita moja ya ujazo ya plaiwudi ya kitropiki imetumia mita 2.3 za magogo, kwa kuwa moyo wa gogo, maganda na vipande vilivyochanika hubaki kiwandani. Kwa mbao za kupasua kipimo ni 1.82, na kwa vinia 1.9.

Jaribu kwa Japani ya 1996. Milioni 5 za plaiwudi mara 2.3 ni milioni 11.5 za magogo. Magogo hayo hayakuonekana katika bandari yoyote ya Japani, lakini yalikatwa. Sasa yajumlishe na magogo yaliyoingia wazi mwaka huo, fanya hivyo kwa kila mwaka, na kwa Korea utoe yale yaliyotoka tena kama plaiwudi iliyouzwa Marekani. Grafu yako mpya haitakuwa na mruko wa 1985. Itaonyesha uzito mkubwa tangu miaka ya 1960, kisha mzigo ukihama kutoka umbo moja kwenda jingine.

Na Korea ya miaka ya 1970? Baada ya kutoa plaiwudi iliyouzwa nje, sehemu kubwa ya lawama inahamia kwa aliyenunua: mjenzi wa nyumba wa Marekani. Msimamizi wangu hakunipa jibu hili, alinipa swali tu. Niliporudisha kazi ikiwa na safu tatu badala ya moja, sentensi yangu ya mwanzo kuhusu Korea ilikuwa imefutika yenyewe.

Na sisi je?

Swali hili liko karibu na nyumbani kuliko unavyodhani. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90. Katazo likaongezwa muda mara kadhaa, hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa. Upande wa pili wa mpaka, Mufindi na Njombe kuna mashamba makubwa ya misonobari na mikaratusi, ya serikali kama Sao Hill na ya wakulima binafsi, na viwanda vya kumenya vinia vimejengwa jirani na miti hiyo.

Ukichora uagizaji wa paneli wa Kenya na Tanzania kwa miaka hiyo, usikimbilie kusema nani anatunza misitu na nani anaila. Uliza kwanza: mbao za kupasua zimevuka Namanga kiasi gani? Vinia je? Mzigo uliopita njia za panya umeandikwa na nani? Katazo la nchi moja ni oda mpya kwa nchi ya jirani, na mkulima wa Njombe anayeamua leo akate mti wa miaka minane au angoje ukomae anaiona oda hiyo kabla ya mtakwimu yeyote.

Kwa hiyo ukikutana na grafu ya paneli, isome. Ina mengi ya kukufundisha. Ila kabla ya kuandika hitimisho, tafuta safu ya magogo, kisha ujue kisu cha kumenya kiko upande gani wa mpaka.